Siku Simba Alipofunga na Kuomba

Alhamisi, Nunguni. Baridi na ukungu.

Leo ukungu haukuondoka kabisa. Uliketi juu ya soko tangu asubuhi, na hata sasa jioni silioni kanisa ng'ambo ya barabara, nasikia tu kwaya ikifanya mazoezi. Baridi ya Julai ya huku milimani watu wa Kibwezi, kule chini kwenye joto, hawaiamini mpaka waje waionje wenyewe. Nimevaa soksi mbili mbili na bado vidole sivisikii.

Nimechoka. Si ule uchovu wa kutaka kulala. Ni wa mtu aliyemfokea mtu ambaye hakustahili kufokewa, na bado anaamini kwamba alikuwa na haki ya kufoka. Ngoja niandike labda nitajielewa.

Kwa anayesoma blogu hii mara ya kwanza, mimi ni daktari wa mifugo. Chumba changu cha kazi kiko nyuma ya duka la dawa za mifugo hapa sokoni, kina meza moja, taa moja nzuri na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ambayo haitatoka hata nikihama. Kazi yangu ni ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, mbuzi aliyevimba tumbo, mbwa wa kuchanjwa. Na kuhasi. Nimehasi mafahali, beberu, mbwa, hata punda mmoja wa kule Ikutha aliyenipiga teke nikakaa wiki nzima nikitembea kama bibi harusi.

Leo nimehasi simbilisi. Anaitwa Simba.

Haya, cheka kwanza. Nikungoje.

Simbilisi ni wale wanyama wadogo wanene wasio na mkia, wa kufugwa ndani ya nyumba, wanaofanana na panya aliyepewa malezi mazuri. Hapa kwetu ukisema simbilisi watu wanadhani umetaja ugonjwa, kwa hivyo sisi huwaita ginipigi na mambo yanaisha. Mzee Kioko, anayenisaidia kushika wanyama, yeye anawaita panya tu. Kioko ameshika mafahali tangu kabla sijazaliwa, na alipomwona Simba mara ya kwanza alimgeuza chali kwenye kiganja, akamchunguza, akaniambia, "Dakitari, sasa huyu utamkata wapi? Hata pa kushika hakuna."

Simba ni wa Mwalimu Ndinda. Mwalimu alifundisha chekechea ya kanisa miaka mingi mpaka akastaafu, na nusu ya watu wa soko hili walijifunza a e i o u kwenye mkeka wake. Mimi ni mmoja wao. Mpaka leo nikikutana naye barabarani nanyoosha kola.

Baada ya mumewe kufariki alibaki na wajukuu wawili aliowalea tangu wakinyonya. Simba na mwenzake wa kike, Neema, walikuwa wa hao watoto, walinunuliwa wakiwa wadogo kama ndimu, wakalala kwenye sanduku moja ubavu kwa ubavu. Januari mama wa watoto alipata nyumba nzuri Nairobi akaja kuwachukua waende shule huko. Ni jambo jema, kila mtu alisema ni jambo jema. Watoto wakaondoka na mabegi yao, wanyama wakabaki, kwa sababu ile nyumba ya Nairobi iko ghorofani na mwenye nyumba hataki hata paka.

Mwalimu hakulalamika. Aliniambia tu siku moja, akinunua dawa ya viroboto, "Mwana wakwa," yaani mwanangu, "nikifungua mlango hakuna mtu ananiitikia ila hawa wawili." Kisha akabadilisha mazungumzo.

Shida ilianza na Neema. Alizaa mara ya kwanza vizuri, mara ya pili vizuri, watoto wakagawiwa. Mara ya tatu, hivi majuzi, Mwalimu alinipigia simu sauti ikiwa imekauka. Nilimkuta Neema amelala ubavu, macho yamefifia. Watoto watatu walitoka wakiwa wamekufa, mmoja akatoka hai. Neema mwenyewe alikaa kati ya huku na kule siku kadhaa. Siku hiyo ya kuzaa nilimwambia Mwalimu wazi kwamba mimba nyingine inaweza kumwondoa, na kwamba Simba atolewe kwenye lile sanduku jioni hiyohiyo, maana hawa jike lao linaweza kushika mimba siku ileile lililozaa. Hawana subira.

Basi Simba akahamishiwa jikoni, kwenye katoni. Na Simba akaacha kula.

Si kwamba aliacha kabisa. Mwalimu akiketi kando yake na kumshikia jani, alikula kidogo. Akiinuka, naye anaacha. Usiku analia, na Neema kule sebuleni anajibu huku akitafuna waya wa sanduku lake mpaka mdomo ukatoka damu. Majirani wakatoa ushauri kama kawaida yao. Mmoja akasema agawe mmoja wao. Mwingine akasema watu wazima hawafugi panya. Kiongozi wa maombi ya akina mama alimwambia kwa upole kwamba labda Bwana anamwondolea vitu vidogo ili amtazame Yeye. Hilo ndilo lililomuuma, nilijua kwa jinsi alivyolirudia mara tatu.

Dawa ilikuwa moja tu. Simba ahasiwe, wakae pamoja tena, pasiwe na mimba.

Niliposema hivyo, uso wa Mwalimu uling'aa kama mtoto aliyepewa nyota kwenye daftari. Nami hapohapo nikaanza kuogopa.

Kuhasi fahali ni kazi ya nguvu. Unafinya kwa koleo kutoka nje, unasimama mbali na miguu yake, basi. Simbilisi hafinywi. Dume la simbilisi lina njia iliyo wazi kutoka tumboni mpaka kwenye korodani, na njia hiyo haifungiki hata akizeeka. Ukimkata kama unavyokata beberu ukaacha hivyo, matumbo yanaweza kuteremka yakatokea kwenye kidonda. Lazima umlaze, umkate, halafu uifunge ile njia kwa uzi mwembamba kama nywele. Na dawa ya usingizi yenyewe ni matone. Tone likizidi, amelala moja kwa moja.

Chuoni niliona ikifanywa mara moja, nikiwa nyuma ya wanafunzi warefu.

Nikampigia Akinyi, tuliyesoma naye, ambaye siku hizi anatibu wanyama wa watu wenye sofa nyeupe huko Nairobi. Alinichukua hatua kwa hatua, na alinicheka kwa kiasi. Mwisho akaacha kucheka. "Sikiza, Mumbua. Hii uandike kwa mkono. Usimfungishe njaa. Sio mbuzi huyo, sio mbwa." Mbuzi tunamnyima chakula ili tumbo lisimpande akilala. Mbwa tunamnyima ili asitapike. Simbilisi hawezi kutapika hata akitaka, na tumbo lake ni kama kinu cha posho, likisimama huenda lisiwake tena. Ale mpaka dakika ya mwisho, aamke ale.

Nikamwambia Mwalimu kwenye simu. Nikamwambia tena ana kwa ana Jumanne, sokoni, mbele ya kabichi. Ale kama kawaida, Mwalimu. Usimnyime chakula kwa sababu ya operesheni. Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayehifadhi.

Leo asubuhi akaja. Kavaa lile koti lake la kanisani la rangi ya damu ya mzee, kikapu mkononi kimefunikwa kwa kanga. Simba ndani yake, amejikunja. Nilikuwa nimepanga kila kitu, hata chupa za maji moto nilikuwa nimezifunga kwa taulo. Nikauliza kama ninavyouliza kila mtu kila siku, mgonjwa amekula lini mara ya mwisho?

"Jana jioni," akasema. Akatabasamu. "Tumefunga, Daktari. Mimi na yeye."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Mwalimu, nilikwambia asinyimwe chakula."

"Uliniambia nisimnyime sababu ya operesheni. Na mimi sikumnyima sababu ya operesheni. Hiyo ilikuwa ni maombi."

Kioko akageukia ukutani, mabega yakitetemeka.

"Na Neema?" Sijui kwa nini niliuliza.

"Neema hakufunga. Neema si ananyonyesha? Anayenyonyesha hafungi."

Hapo ndipo nilipofoka. Sitaandika maneno yote. Nilisema Mungu hana haja na njaa ya mnyama. Nilisema nimeongea maneno mawili tu na nikayarudia, na kwamba kama anataka kumuua Simba hakuna haja ya kunitafuta mimi nisaidie. Nilisema kwa sauti iliyosikika mpaka dukani mbele, kwa sababu mteja aliyekuwa akipimiwa chumvi ya ng'ombe alinyamaza.

Mwalimu hakulia. Alishika mpini wa kikapu kwa mikono miwili. Akasema kwa sauti ya chini, ileile ya mkekani, "Kuna mji mmoja zamani walifunga, watu na mifugo yao, na Mungu akawahurumia. Wewe si ni mimi nilikufundisha hiyo, Sande skuli?"

Ni yeye.

Nikamtoa Simba. Alikuwa mwepesi kuliko wiki iliyopita. Nikaweka kifaa changu cha kusikilizia tumboni mwake, pale ambapo kwa simbilisi mzima unasikia ngurumo ndogondogo zisizoisha. Kimya. Nikahamisha upande wa pili. Kimya, halafu mlio mmoja wa mbali, halafu kimya. Mavi yaliyokuwa kwenye kikapu yalikuwa machache, madogo, makavu kama pilipili manga.

Nikawaambia wote wawili, Mwalimu na Kioko, kwamba hakuna kukata mtu leo mpaka tumbo hili liongee. Likiongea, alasiri. Lisipoongea, operesheni si shida yetu tena, maana tutakuwa na shida nyingine.

Kioko, ambaye anawaita panya, alivuka barabara kwenye ukungu bila kuambiwa mara mbili. Alirudi na majani ya viazi vitamu, dania, karoti, na nyasi mbichi alizong'oa kwenye ua wa mtu ambaye sitamtaja. Nikasaga chakula kidogo cha sungura na maji vuguvugu, nikakivuta kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, nikamwingizia Simba pembeni mwa mdomo. Alitema. Nikamwingizia tena. Alitema kwenye koti langu, tena kwa makusudi.

"Nipe," akasema Mwalimu.

Alimweka mapajani, akamfunika masikio kwa kiganja, akaanza kumsemesha kwa Kikamba maneno ambayo mtu humwambia mtoto mwenye homa. Tone moja, anangoja ameze. Tone lingine, anangoja. Mimi nilishughulikia mbuzi wa watu. Kila nikirudi, wako vilevile, na bomba limeshuka kidogo.

Ilikuwa imepita adhuhuri niliposikia tena. Mwanzo mlio mdogo, halafu mwingine, halafu ngurumo zile, kama uji unaoanza kuchemka. Nikamwekea Mwalimu kile kifaa masikioni asikie mwenyewe. Akafumba macho. "Aiya," akasema. "Kumbe ndani kuna watu." Baada ya muda Simba akajisaidia kwenye koti la kanisani, na sijawahi kuona mtu akifurahia mavi kiasi kile.

Tukamlaza.

Hapa nikiri jambo. Nilivuta dawa, nikairudisha, nikaivuta upya, nikamwomba Kioko asome kipimo, kisha nikasoma mwenyewe tena. Simba akalegea. Nikamnyoa, nikampaka dawa, nikashika kisu. Nikasikia mlango ukifungwa. Kioko, mtu wa mafahali, alikuwa ametoka. Alisema kutoka upande wa pili kwamba amesikia mteja. Hakukuwa na mteja.

"Mwalimu," nikaita, "njoo unishikie chupa ya maji moto."

Akaja. Nilimwonyesha aiegemeze mgongoni mwa Simba asipoe, maana mnyama mdogo hupoa haraka akilala, na nikamwambia atazame ubavu wake aniambie anapumua. Nilidhani ataangalia tu. Badala yake alianza kusema kwa sauti, kila mara ubavu ulipoinuka. Anapumua. Anapumua. Anapumua. Alisema kwa utulivu uleule aliotumia kutuita majina asubuhi, na mimi nikafanya kazi juu ya sauti hiyo. Upande wa kwanza nikatoa, nikafunga njia, nikavuta uzi. Upande wa pili nilikuwa katikati aliponyamaza.

Niliinua macho. Ubavu haukuwa ukiinuka.

Nikaacha kisu, nikamsugua kifuani kwa kidole, nikauvuta ulimi wake mbele, nikamgeuza kichwa. Sikumbuki kuomba lakini Kioko anasema nilikuwa nikisema "bado, bado, bado" kama mtu anayemzuia mgeni mlangoni. Mkono wa Mwalimu juu ya ile chupa ulikuwa unatetemeka, na nikaona unatetemeka, na nikafikiri ni hofu.

Simba akavuta pumzi. Ndogo, ya hasira.

"Anapumua," akasema Mwalimu.

Nikamaliza. Nilishona haraka kuliko nilivyowahi kushona, na kila fundo nililijaribu mara mbili. Nikampa sindano ya maumivu, nikamlaza kwenye taulo safi kati ya chupa mbili, kichwa nje. Nikasema, imeisha, Mwalimu. Akasema, "Ni muvea, mwana wakwa," yaani asante, halafu akaketi chini sakafuni pale aliposimama, kwenye manyoya na pamba zilizolowa.

Kioko alirudi haraka safari hii. Tukamwinua, tukamweka kwenye gunia la chakula cha kuku. Uso ulikuwa wa majivu. Nikamshika mkono, baridi, jasho. Nikamletea maji.

"Mimi bado nimefunga," akasema. "Niliahidi nitakula Simba akila."

Hapo nikajiona mjinga. Tangu asubuhi nilikuwa nikipiga kelele juu ya mnyama aliyekosa chakula usiku mmoja, na mama wa umri ule alikuwa ameketi mbele yangu na njaa ileile, akimlisha mwingine kwa tone. Mimi kazi yangu ni kuuliza mgonjwa amekula lini. Kila siku nauliza, wakati mwingine hata kabla ya salamu. Mtu aliyemleta mgonjwa sijawahi kumwuliza.

Tulingoja. Simba aliamka kidogo kidogo, akainua kichwa, akakiangusha. Mwalimu hakukubali kitu. Nilimweleza habari ya sukari ya mwilini na shinikizo la damu, akanisikiliza kwa heshima kama anavyosikilizwa mtoto anayekariri vizuri. Kwa muda mrefu ikawa ni sisi watatu tukimtazama simbilisi akitazama ukuta. Mwishowe Mwalimu akachukua tawi la dania, akalishikilia karibu na pua yake. Pua ikacheza. Akauma kipande. Akatafuna akiwa amefumba macho, polepole, kwa kinyongo, lakini akatafuna.

Kioko alikuwa ameshatoka mbio kwenda kibandani. Alirudi na chai ya maziwa, chapati na ndengu.

Mwalimu aliomba, akala. Robo ya chapati, akaacha. Nikamwambia aendelee. Akasema tumbo lake limezoea kidogo siku hizi. Nikamwuliza, kwa nini lizoee kidogo? Akasema, "Mimi hufunga."

Mimi na yeye tuko kanisa moja. Najua siku ya kufunga ni Jumatano. Nikamwuliza yeye hufunga siku gani.

"Jumatano." Akapuliza chai. "Na Jumatatu. Ijumaa pia huwa nafunga. Alhamisi, ikitokea."

Nikamtazama. Akatazama chai.

"Kupikia mtu mmoja ni kazi bure, Mumbua," akasema. Hakuniita Daktari. "Unawasha moto, unapika, unapakua, unaketi hapo na hiyo sahani. Sasa utamwambia nani karibu? Afadhali kufunga. Ukifunga angalau iko na maana."

Kioko akainuka akaenda kuangalia mteja. Safari hii sikumlaumu.

Kama ningekuwa mtu mzuri zaidi ningepata neno. Nilimwambia habari ya kidonda. Nikamwambia Simba alale kwenye kitambaa safi, si kwenye vumbi la mbao, na kwamba bado hawezi kulala na Neema, maana hata baada ya kuhasiwa mbegu hubaki kwa wiki kadhaa. Uso wake ukaanguka. Nikafanya haraka kumalizia. Lakini watakaa sebuleni wote wawili, waya katikati, waonane, wanusane, na awawekee majani pande zote mbili wakati mmoja. Wakionana watakula. Kukaa mbali mbali ndiko kulikokuwa kunawaua njaa.

Aliniangalia, na nilijua kwamba yeye aliyenifundisha kusoma alikuwa ameyasikia niliyoyasema vizuri kuliko mimi niliyeyasema.

Akamfunika Simba kwa kanga, akakataa kusindikizwa, akaingia kwenye ukungu.

Tangu wakati huo nimeketi hapa. Nimeosha vyombo vya kazi, nimefagia, nimepata mavi mengine mawili chini ya meza, makubwa, manono, na nimeyafurahia kama mjinga. Kioko ameenda nyumbani. Kabla ya kuondoka aliniuliza kama Simba atapona, akimwita kwa jina.

Hasira yangu ya asubuhi bado iko, nisijidanganye. Angekufa yule mnyama leo, angekufa kwa sababu ya maombi, na mimi ningebaki na hilo maisha yangu yote. Lakini sasa najiuliza yale maombi yalikuwa ya nini hasa. Mtu amebakiwa na viumbe wawili tu duniani wanaomwitikia. Anaenda kumweka mmoja chini ya kisu. Ana kitu kimoja alichozoea kumtolea Mungu, nacho ni kutokula. Akamchukua Simba akamshirikisha, kwa sababu jambo zito halifanywi na mtu peke yake. Mimi ningetoa nini?

Na siwezi kumwambia mama wa kanisa asifunge. Nani atanisikiliza? Kiongozi wa maombi atakuja hapa na Biblia.

Nimempigia simu sasa hivi, kabla sijabandika haya. Amesema Simba amekula karoti, amejisaidia, na Neema amelala amejibana kwenye waya upande wake, naye Simba amejibana upande wake, yule mtoto wao yuko katikati ya mambo. Nikamwambia Jumapili baada ya ibada nitapita kuangalia kidonda. Akasema karibu.

Halafu nikamwambia kwamba nitakuja na njaa. Kwamba sijakula muthokoi wa kweli, ule wa mahindi yaliyokobolewa, wa kuchemka na maharagwe tangu asubuhi, kwa muda mrefu sana, na kwamba wangu mimi huwa unaungua.

Nikadhani nimevuka mpaka.

"Mtakuja wangapi?" akauliza.

Nikasema mimi na Kioko, na Kioko huhesabiwa wawili.

Hakuniaga, na hakukata simu. Nadhani aliiweka mahali akaisahau. Nilisikia mlango wa kabati ukifunguliwa, halafu sufuria zikigongana, ndogo zikisogezwa kando, akitafuta iliyo kubwa.